Mwendo wa Magari na Haki ya Apitaye kwa Miguu

Wametofautiana watu katika jambo la kupunguza mwendo wa magari katika njia kuu zipitazo mashambani na vijijini. Watungao sheria husema mwendo upunguzwe. Madereva walio wengi husema umekwisha kupunguzwa hata ukapita kiasi. Na wale wakaao kandokando ya njia, ambao khabari hii yawahusu kuliko wote, aghalabu hawaulizwi na mtu. Jambo hili kwa nje laonekana dogo, kama kwamba ni khabari ya vibao na faini tu. Walakin ndani yake mna suali zito: je, mtu ana haki ya kuchuma faida itokanayo na khatari, hali mwenye kuibeba khatari hiyo ni mtu mwingine ambaye hakutakwa ridhaa yake?

Hapana mahali pafaapo kuliangalia suali hili kama Tunduma. Mji huo uko mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika mkoa wa Songwe uliotengwa na mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na hapo ndipo iishiapo upande wa Tanzania ile njia kuu itokayo Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zaidi ya 900. Shehena zishushwazo bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita hapo, na shaba ya nchi hizo hurejea kwa njia hiyo hiyo. Miongoni mwa waendeshao malori hayo wamo watu wa pwani, na mabasi ya usafiri huo hupakia watu wa pwani kila siku. Basi asidhani mtu aliyeketi barazani kwake Tanga au Bagamoyo kuwa haya ni mambo ya bara yasiyomfika.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa pale penye makazi ya watu, na kilomita 80 kwa mabasi na malori yenye uzito upitao kilo 3,500, hata pale pasipo nyumba. Hiyo 80 haikuwekewa motokaa ndogo. Na hapa ndipo yanapoanzia malalamiko ya madereva, nayo yapasa yasikilizwe kwa uadilifu, kwani mengine yana haki ndani yake.

Husema: kibao cha 50 husimamishwa mwanzo wa kijiji, na kile cha kumaliza kikasahauliwa, au kikang'olewa kisirejezwe, hata dereva hajui kijiji kimekwisha wapi. Husema kuwa askari hujificha na kile chombo cha kupimia mwendo, ambacho wenyewe wamekiita tochi, mahali ambapo hapana mtoto wala mbuzi, wakaacha mahali penye soko na shule. Na faini ni shilingi 30,000, ambayo kwa mtu wa mshahara mdogo si kitu cha kuchezea. Husema vilevile kuwa lori likifungwa kwa 80 na motokaa ndogo ikaachiwa, ile ndogo haitakubali kufuata nyuma. Itataka kupita, na njia ni ya magari mawili tu, moja la kwenda na moja la kurudi, na katika kule kupitana ndiko watu hufa. Maneno haya si ya upuuzi. Kibao kisicho na maana huharibu heshima ya kibao chenye maana, na askari anayewinda faini humfundisha dereva kumkhofu askari, asimkhofie mtoto avukaye.

Hapo haki yao imefika mwisho wake. Maana dereva akikwisha kueleza haya, aghalabu huongeza hoja ya mwisho ambayo ndiyo aipendayo kuliko zote: kuwa yeye aijua njia, aijua gari yake, amekwenda Tunduma na kurudi mara zisizo idadi, na kuwa mwendo haumuui mtu ila kwa dereva asiyejua kazi. Yaani ustadi wake ndio dhamana.

Yapasa kuuliza: dhamana kwa nani? Ustadi wa dereva umo mikononi mwake na machoni mwake. Haumo katika miguu ya kizee avukaye njia Mpemba na mzigo wa kuni kichwani, wala katika akili ya mtoto wa miaka 7 aliyeona mpira ukivuka. Mtoto huyo hajui kupima mwendo wa gari ijayo; yeye huona gari iko mbali, na kwake lililo mbali halijafika. Gari iendayo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika kila sekunde moja, na kabla mguu wa dereva haujagusa breki sekunde hiyo imekwisha kupita. Ama pigo lenyewe, halikui kwa hesabu ya kuongeza. Nguvu ya gari kwa 80 si moja na nusu ya nguvu yake kwa 50, kama akili ya haraka idhaniavyo. Ni zaidi ya mara mbili na nusu, kwani nguvu hukua kwa mwendo kuzidishwa kwa mwendo wenyewe. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa gari ikimpiga mtu wa miguu kwa 65, khatari ya kufa kwake ni mara nne na nusu kuliko ikimpiga kwa 50. Tofauti hiyo ya kilomita 15 dereva ndani ya gari yake haihisi hata kidogo. Upepo ni ule ule, na chai katika chupa haitikisiki.

Sasa na ipimwe hiyo faida ipatikanayo. Kijiji chenye urefu wa kilomita 2 njiani, mtu akikipita kwa 80 atatumia dakika moja na nusu. Akikipita kwa 50, dakika mbili na sekunde 24. Alichokiokoa ni sekunde 54. Haikubaliki kusema kuwa hiki si kitu, kwani vijiji ni vingi. Ikiwa ni 50 njia nzima, mkusanyiko wake ni dakika 45, na dakika 45 kwa mtu aliyechoka ni kitu. Walakin dakika hizo huenda wapi? Lori husimama mizani ya Vigwaza, likasimama Mikese, likasimama Makambako, na kabla ya kuingia Tunduma liko mizani ya Mpemba. Kisha huja foleni ya mpakani. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019 ili kuwapunguzia watu taabu hiyo, na hata baada ya hapo zimeonekana foleni za malori zilizopanga kilomita kwa kilomita, madereva wakalala chini ya matrela yao siku baada ya siku wakipika uji kwa jiko la mkaa. Mtu amekimbia kupita vijiji 50, na kila kijiji akakitia khatarini, ili awahi kuja kukaa.

Dereva hujibu, na jibu lake ni la kweli: hukimbia kwa sababu ya foleni hiyo hiyo. Atanguliaye kufika hutangulia kupanga, na malori 20 yakimpita njiani huenda yakamgharimu siku nzima mpakani. Tena wako matajiri ambao humlipa dereva kwa safari, wasimlipe kwa siku. Safari zikiwa chache mwezi huo, watoto wake hula kidogo. Na mtu huyo tajiri, ambaye pengine hakosi safu ya kwanza msikitini, humpigia dereva simu kila saa kumuuliza amefika wapi, na akiambiwa bado yuko Makambako hunyamaza ile namna ya kunyamaza ambayo kila mfanyakazi aijua. Hakumwambia akimbie. Lakini amepanga mambo namna ambayo asiyekimbia hafai. Ikiwa mtu atapigwa Vwawa, jina litakaloandikwa na polisi ni la dereva, na faida ya zile sekunde 54 itakuwa imekwenda katika daftari la tajiri. Abiria wa basi nao hawakutoka katika hesabu hii: ndio wapigao kelele nyuma kuwa basi latambaa, na likipinduka ndio wa kwanza kusema dereva alikuwa mwendawazimu.

Mambo haya hayakuwa mageni kwa mafakihi, ingawa motokaa hazikuwapo zamani zao. Wanazuoni wa Kishafii walikwisha kunena juu ya mtu aliye na mnyama wake, kuwa ana dhamana ya kile mnyama akiharibucho, mchana au usiku. Na juu ya mwenye kuua kwa kukosea, pasina kukusudia, wamekubaliana wote kuwa ana diya na kafara. Kukosa nia mbaya humwondolea mtu dhambi ya muuaji wa kusudi, hakumwondolei dhamana. Na mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Brunei lilitoa azimio juu ya ajali za magari: kwamba kufuata sheria za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini, na kwamba dereva ana dhamana ya madhara ayafanyayo, ila pale ajali ilipotokana na jambo asiloweza kulizuia, au na kosa la aliyedhurika, au la mtu wa tatu.

Hilo la jambo lisiloweza kuzuiliwa ndilo mlango ambao wengi hutaka kupitia. Gari ikipinduka, neno la kwanza ni kudra. Hapana shaka kila jambo ni kwa kudra. Lakini na itazamwe namna jambo lenyewe lilivyokuja. Katika mteremko kama ule wa Senjele, wako madereva waitoao gari katika gia ili iteremke kwa uzito wake na mafuta yasiungue. Gari nzito namna hiyo haina cha kuizuia ila breki peke yake. Breki hushikwa na kuachiwa na kushikwa tena, hupata moto, na moto ukizidi huacha kushika. Kisha husemwa kuwa breki zilikatika. Breki zilikuwa nzima juu ya mlima. Kilichoziua ni chaguo lililofanywa pale juu, kwa ajili ya lita chache za mafuta, na mtu aliyeshuka kwa gia nzito na mwendo wa pole kwa kudra hiyo hiyo amefika chini salama.

Kuna jambo jingine ambalo madereva hulihesabu katika wema, nalo ni kuwashiana taa. Dereva aliyempita askari mwenye tochi humwashia taa mwenziwe ajaye, naye hupunguza mwendo. Ishara hiyo hiyo hutumika kumwonya mtu kuwa mbele kuna ng'ombe njiani au lori lililoharibika, na hapo ni hisani tupu, yenye kuokoa roho. Basi je, ile ya askari nayo ni hisani? Wenyewe husema: mwenzangu amepunguza mwendo, na hicho ndicho askari akitakacho, kosa liko wapi? Ni hoja nzuri kwa kusikika. Lakini aliyeashiriwa amepunguza kwa kiasi cha kumpita askari tu. Hatua 200 mbele hukanyaga tena mafuta, na shule iko hapo mbele. Alichosaidiwa ni kukimbia pasina kuonekana. Mtu akimwonya mwizi kuwa mlinzi yuko macho, hakuna atakayesema amekusudia kuhifadhi mali ya watu.

Asidhani msomaji kuwa ukaidi huu ni wa watu wa nchi hizi. Ufaransa ilipopunguza mwendo wa njia za mashambani kutoka 90 hata 80, tarehe 1 Julai 2018, ghadhabu ya madereva ilikuwa kubwa, na vyombo vya kupimia mwendo vikachomwa moto na kupakwa rangi katika ghasia zilizofuata. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu baadhi ya majimbo kurejea 90. Ireland nayo ilishusha njia zake ndogo za mashambani kutoka 80 hata 60 mwezi wa Februari 2025. Kila mahali hoja ni zile zile: njia ni nyeupe, mimi ni stadi, serikali yataka fedha. Tofauti ni kuwa huko aghalabu mwenye kugombana na kibao hukutana njiani na mwenye gari mwenziwe. Katika njia ya Tunduma hukutana na mwenda kwa miguu, na mwenye baiskeli aliyebeba mkaa, na bodaboda yenye watu watatu. Hao wameikuta njia ikipasua kijiji chao, au wamejenga kando yake kwa sababu ndipo penye wanunuzi wa ndizi zao. Kwa vyovyote hawana njia nyingine ya kupita.

Limebaki la usiku, ambalo limezidi uzito tangu mwaka 2023, lilipoondolewa katazo la miaka mingi la mabasi kusafiri usiku kucha. Madereva wengi husema usiku ndio saa njema ya kukimbia, kwani njia ni tupu na vijiji vimelala. Ni kweli kuwa watoto wamelala. Lakini lori lililoharibika halina pa kulala ila pale lilipokomea, na utingo wake, kama hana pembetatu za kumeremeta zitakiwazo, hukata matawi akayatandaza njiani nyuma ya gari awe amemwonya ajaye. Mchana matawi hayo huonekana kutoka mbali. Usiku, dereva aliyeinamisha taa kumstahi mwenziwe ajaye mbele haoni ila kipande kifupi cha njia, na kwa 80, pamoja na ile sekunde ya kushtuka, hata motokaa ndogo yataka mita zaidi ya 50 kusimama; lori lenye shehena ya shaba lataka zaidi sana. Tawi bichi lililowekwa mita 20 nyuma ya lori, mtu wa mwendo huo hulikanyaga ndipo akajua kuwa lilikuwa tawi.