HAKI YA MWENYE SHAMBA NA HAKI YA JIRANI

Miongoni mwa mambo yanayowagombanisha watu wa pwani yetu hii leo ni mashamba kugeuzwa matimbo ya mawe. Shamba lililojulikana kwa minazi, mikorosho na mihogo huandikiwa ombi la kubadilishwa matumizi yake. Ombi likikubaliwa, huingia mashine na baruti, na mara nyingine majirani hawapati khabari ila kwa mshindo wa kwanza. Hapo huzuka maneno. Huyu husema: “Shamba ni langu, nimelinunua kwa mali yangu, ni nani wa kunizuia?” Na yule hujibu: “Kisima ni changu, kifua ni changu, na kuta zinazopasuka ni zangu; ni nani wa kunilipa?” Kila mmoja ashika neno moja, nalo ni “changu,” na kila mmoja asema kweli. Mahali kama hapo ndipo pahitajipo akili na insafu, kwani penye haki mbili zinazogongana, dhulma hupata maficho mazuri.

Makusudio yetu hapa si kumhukumu mtu maalumu, bali ni kuuliza masuala mawili. La kwanza: je, kuimiliki ardhi ni kulimiliki kila jambo liwezekanalo kutendwa juu yake? La pili: je, ruhusa ya serikali yatosha kulifanya dhara kuwa haki?

Kabla ya kujibu, yatupasa tuwe waadilifu kwa wachimbaji. Sisi watu wa pwani hatuwezi kujifanya wageni wa mawe. Ngome ya Mombasa, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe uliochongwa. Miji ya Lamu na Gede ilijengwa kwa mawe hayo hayo na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954 kwa kulichimba jiwe la chokaa lililo pale pale. Na hii leo, kila chumba tunachokiongeza ili tupangishe, kila msikiti unaopandishwa ghorofa, na kila madrasa inayozungushiwa ukuta, mawe yake yametoka katika shamba la mtu fulani. Basi anayesema kuwa pasiwe na timbo popote ajidanganya nafsi yake. Suala si kuchimba au kutochimba. Suala ni wapi, vipi, kwa ridhaa ya nani, na nani atakayebeba gharama.

Sasa turudi kwenye suala la kwanza. Wanazuoni wa zamani hawakuliacha jambo hili gizani. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, kanuni aliyoiandika Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 1277) katika kitabu chake cha Minhaji ni kwamba mwenye mali huitumia mali yake kwa kadiri ya ada. Akiikiuka ada na kuharibu cha mwenziwe, huwa na dhamana juu yake. Na wanazuoni wa dola ya Uthmaniya, walipoikusanya Majalla baina ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, walikwenda mbele zaidi: dhara iliyo kubwa na dhahiri huondolewa, hata kama mwenye kuileta yumo ndani ya mpaka wa milki yake. Njia zao ni mbali mbali, lakini wote wakubaliana juu ya jambo moja: milki ina ukingo, na ukingo huo si ua wa shamba peke yake.

Tulitazame hilo neno “ada,” kwani ndilo mizani. Kupanda, kufuga, kuchimba kisima na kuchoma moto wa magugu ni ada ya shamba, hata kama jirani audhika kidogo kwa moshi. Hata kukata mawe machache kwa mtaimbo na shoka ili mtu ajijengee nyumba, hilo pia watu walilijua. Lakini shimo la ekari kadhaa, baruti inayotikisa misingi, vumbi linalotanda juu ya majani ya mikorosho wakati wa maua, na malori yapitayo alfajiri katika njia ya watoto waendao chuoni, haya si ada ya shamba. Jirani alipojenga nyumba yake pale alijenga kwa kuitegemea ada aliyoikuta. Hakuandikiana mkataba na mtu, lakini aliziweka akiba zake za miaka thelathini katika nyumba ile kwa kuamini kwamba mahali pale ni mahali pa kulima na kukaa. Itikadi hiyo ina thamani, na mwenye kuivunja hawezi kusema kwamba hakuvunja kitu.

Atasema mtu: “Maneno hayo ni ya kale. Sasa serikali imekwisha badilisha matumizi ya ardhi ile. Ada ya mahali pale hivi sasa ni timbo.” Hili ndilo suala letu la pili, na ndilo zito zaidi. Twamjibu hivi: karatasi yaweza kulibadilisha jina la mahali, lakini haiwezi kuyabadilisha maji wala mapafu. Ruhusa si kitu kinachoumba haki pasipokuwa na haki. Ruhusa ni ushahidi: ni serikali kushuhudia kwamba imekwenda, imetazama, imewasikiliza wenye kudhurika, na imeona kwamba dhara ile ni ndogo au italipwa. Ikiwa hakuna aliyekwenda wala aliyetazama, basi karatasi ile imekuwa shahidi wa uwongo, na shahidi wa uwongo hawi mkweli kwa kugongwa muhuri.

Wala tusidhani kwamba sheria za nchi yasema kinyume cha haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yailinda mali ya mtu katika kifungu cha 40. Lakini kifungu cha 66 chaipa serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi kwa maslaha ya umma, na kifungu cha 42 champa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 chamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa ajili ya haki hiyo bila ya kulazimishwa kuthibitisha kwamba yuko aliyekwisha pata hasara. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka madhara ya timbo yachunguzwe kabla ya kuchimba, na sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yataka umma ujulishwe pale ombi la kubadilisha matumizi linapotolewa, ili mwenye kupinga apinge. Mwezi wa Juni mwaka 2019 Baraza la Rufani la Mazingira liliivunja leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, na katika sababu zake kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu hawakushinda kwa fitina wala kwa fimbo. Walishinda kwa kusoma makaratasi na kuuliza.

Na kwa nini tung'ang'anie uchunguzi? Kwa sababu ya jambo ambalo macho hayalioni. Chini ya ardhi yetu ya matumbawe, karibu na bahari, maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya maji. Mvua huingia katika mwamba wenye vitundu na kuulisha mkanda huo mwembamba, nao ndio unaovipa maji visima vyetu. Mwamba ukikatwa kina kirefu na maji yakapigwa pampu ili wachimbaji wafanye kazi pakavu, maji ya chumvi hupanda. Kisima kikishaingia chumvi, hakuna fidia ya siku moja inayokirudisha, na wala hakingojei hukumu ya mahakama. Watu wasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika timbo mambo ni kinyume: mchimbaji hutoka na mawe yake, na wanaoingia shimoni ni watoto wa jirani, mvua ikisha kulijaza maji.

Yuko atakayesema: “Mwenye shamba ni maskini. Ana ada za shule na deni la hospitali, na vijana wa kijiji hawana kazi. Mwataka wafe njaa ili nyinyi mpate upepo safi?” Neno hili si la kupuuzwa, na mwenye kulidharau hajapata kuwa na haja. Lakini hebu tulipime. Maskini anayeuza shamba huuza mara moja, kwa bei ya siku moja. Mnazi humzalia mtu na mwanawe. Kazi za timbo ni za kweli, lakini umri wake ni umri wa jiwe: jiwe likisha, kazi imekwisha, na shimo limebaki. Basi anayetaka kutuhisabia faida ya kazi za miaka kumi, na atuhisabie pia hasara ya shimo la miaka mia. Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekuja mwenyeji akazidi kuugua, huyo amekuja kwa haja zake tu.

Wala hatusemi kwamba shimo halina dawa. Pale pale Bamburi, tangu mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kuyapanda mivinje mashimo yaliyoachwa na kiwanda, akatumia majongoo kuyavunjavunja majani yaliyoanguka mpaka ukapatikana udongo. Na mahali palipokuwa jangwa la mawe pakawa msitu wenye ndege na wanyama. Mfano huo watufunza mambo mawili. Kwanza, ardhi iliyojeruhiwa yaweza kutibiwa. Pili, tiba yake yataka miaka mingi, fedha, na mtu aliyekusudia. Mwenye timbo dogo, ambaye huondoka pamoja na lori lake la mwisho, hatarudi kupanda mivinje. Kwa hiyo fedha za kulitibu shimo ziwekwe kabla ya baruti ya kwanza, mikononi mwa asiyeweza kuzila. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na rehani wengi hulisahau.

Sasa, ndugu msomaji wa mjini, tusimnyoshee kidole mchimbaji pekee. Lau hapangekuwa na mnunuzi, hapangekuwa na timbo. Sisi tukiuliza bei ya jiwe, huuliza bei tu. Hatuulizi kwa nini jiwe hili ni rahisi kuliko lile. Mara nyingi urahisi wake ni kwamba mchimbaji hakumlipa jirani, hakuweka fedha ya kulifukia shimo, na hakumpa mfanyakazi kitambaa cha kujizibia pua. Yale aliyoyaepuka kulipa hayakupotea: yamelipwa na mwanamke aliye shambani, kwa kifua chake na kwa ndoo anayoifuata mbali. Wenye kujua sheria husema kwamba dhara ya wachache yaweza kuvumiliwa ili kuondoa dhara ya wengi. Ni kweli, lakini hawakusema kwamba dhara ya wachache ivumiliwe ili wengi wapate rahisi. Na hata pale ambapo haja ya wengi ni ya lazima, aliyebebeshwa mzigo kwa ajili yetu ana deni juu yetu. Haja iliyo ya wote, gharama yake iwe ya wote.

Basi yatupasa kutenda nini? Tuzisome ilani za kubadilisha matumizi ya ardhi zinapobandikwa na kuchapishwa, wala tusingoje mshindo. Barazani twende, hata ikiwa shamba si la jamaa zetu, na tuulize: shimo litafika kina gani, na maji yako kina gani? Malori yatapita njia ipi na saa ngapi? Nyumba zimekaguliwa nyufa kabla ya baruti? Fedha ya kulitibu shimo iko wapi, na nani mwenye kuishika? Na tuwaambie ndugu zetu wa mashamba kwamba kutia sahihi katika daftari la waliohudhuria si kukubali. Mwenye kukataa aandike kwamba amekataa. Leseni ya mazingira ikisha tolewa bila ya haki, muda wa kwenda kwenye Baraza la Rufani ni siku 60, na siku hizo hazimngojei anayelalamika mabarazani kwa kahawa. Wazee nao wasikubali kutia sahihi kwa niaba ya kijiji kizima kwa mifuko ya mchele, kwani hakuna aliyewauzia maji ya wenziwao.

Na yule mwenye shamba, haki yake ibaki kuwa haki. Anayemzuia kulitumia shamba lake kwa husuda tu, naye pia amedhulumu. Akichimba kwa kiasi, mbali na visima na nyumba, kwa ridhaa iliyoombwa wazi na fidia iliyolipwa mapema, basi asiandamwe. Lakini asituambie kwamba neno “langu” lamtosha kuwa jawabu. Mpaka wa shamba huishia kwenye ua. Vumbi na chumvi haviujui ua huo, na yeye mwenyewe ajua kwamba haviujui.