Kwa Nini Tumbo Halijimeng'enyi?

Somo: Wagalatia 5:13–15



Katika mstari wa 15 Mtume Paulo anawaonya Wagalatia kwamba wakizidi kuumana na kulana wao kwa wao, mwisho watamalizana. Leo natamani tuutazame mstari huo kwa hadubini, kwa maana miaka mingi nilifundisha sayansi katika chuo cha ualimu, na mara nyingi wanachuo waliniuliza hivi: "Mwalimu, siku ya mnada tunakunywa supu ya utumbo wa ng'ombe, na tumbo letu linaumeng'enya. Mbona lenyewe halijimeng'enyi, nalo ni nyama vile vile?"

Ni swali zuri. Ukiweka kipande chembamba sana cha ukuta wa tumbo chini ya hadubini, utaona uso wake una vishimo vidogo vingi, na chini ya vishimo hivyo mna tezi. Seli zake zimegawana kazi. Ziko zinazotoa asidi kali ya haidrokloriki. Ziko zinazotengeneza pepsini, kimeng'enya kinachokata protini. Lakini angalieni hekima ya Mwumbaji: seli hizo hazikitoi kikiwa kikali. Hukitoa kimelala, kama panga ndani ya ala, na asidi ndiyo hukiamsha kikiisha kufika penye chakula. Tena ziko seli zinazotandaza ute juu ya ukuta wote, pamoja na bikaboneti inayoipoza asidi. Na seli hizo za juu zikichakaa, mpya huchukua nafasi zao kila baada ya siku chache.

Basi tumbo haliponi kwa kukosa ukali, maana bila ukali chakula kisingesagika. Linapona kwa sababu ya ute, na kwa sababu hufanywa upya. Ulinzi huo ukiharibika, asidi ile ile humgeukia mwenye tumbo. Hicho ndicho kidonda cha tumbo. Zamani watu walilaumu pilipili na mawazo, na wengine walilaumu jirani kwamba amewaroga. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria waitwao Helicobacter pylori, akaugua tumbo. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu, kama aspirini na diklofenaki, zikimezwa mfululizo.

Hapo sina budi kuungama. Mimi na mdogo wangu, mama mmoja, tulikaa miaka minne bila kusalimiana kwa ajili ya ng'ombe wawili wa mahari. Tulipiga magoti mbele ya Meza moja ya Bwana, kila mmoja upande wake. Nilikuwa nikimwona dukani akinunua vidonge vya mgongo, wiki baada ya wiki. Nilijua vinafanya nini tumboni. Nilinyamaza.

Usiku mmoja mwanawe alikuja mbio: baba anatapika damu. Tulimpeleka hospitali, na Mungu akamponya. Alipopata nguvu ya kusema aliniambia, "Kaka, umewafundisha watoto wa watu wote." Hakuongeza neno. Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Ndugu zangu, sisemi tuache kukemeana. Ukweli una asidi yake, nayo ina kazi. Lakini neno kali likae alani mpaka lifike mahali pake, mbele ya mhusika, si kisimani wala kilabuni. Na upendo uwe ute wetu: mwembamba, hauonekani, lakini ukitoweka tunalana, ukoo kwa ukoo, nyumba kwa nyumba, hata ndani ya kanisa. Upendo wa mwaka jana hautoshi. Kama tumbo linavyofanywa upya, ndivyo tunavyoomba msamaha kila siku katika Sala ya Bwana.

Mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha, au choo cheusi kama lami, aende hospitali bila kukawia. Na mwenye ndugu asiyesalimiana naye, aende kwake kabla ya Jumapili.

Ee Bwana, utufanye upya ndani, tusije tukamalizana. Amina.

Mwalimu mstaafu, Mbalibali