Pampu ya Pili Chomboni

Budondo, tarafa ya Jinja iliyo ukingoni mwa Nile, ilipokea maji mapana na yenye kina baada ya bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, kuyafunika maporomoko ya jina hilo, na mashua za mbao zinazovuka hapo hutegemea kalafati, yaani pamba inayosindikwa kati ya mbao ili maji yasipenye. Kalafati ikichakaa, maji hukusanyika katika ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo. Tundu la upana wa sentimita 3 tu, lililo sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huingiza takriban lita 60 kwa dakika, ilhali pampu ndogo ya umeme hutoa kama nusu ya kiasi hicho, tena hunyamaza pale betri inapozama; na hilo ndilo la kutisha zaidi, kwa kuwa huharibika saa ileile inapohitajika. Ndiyo maana pampu ya akiba haina budi kuwa na betri yake, iliyofungwa juu, au iwe ya mkono. Hata hivyo, pampu ina mipaka yake: mashua ya MV Templar ilipozama Ziwa Viktoria, Novemba 24, 2018, walifariki zaidi ya watu 30. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi na hali yake ilikuwa mbovu, na hapo hakuna pampu iwezayo kutosha. Kwa mvuvi asiyemudu betri, upo, yaani chombo cha kufulia maji, pamoja na ndoo ya ziada iliyofungwa kwa kamba, hufaa.