Nafasi ya Kukosa

Embe changa lililoangushwa na upepo halina kazi, labda kwa watoto. Maneromango tuliyapiga kwa fimbo: mmoja anarusha, mwingine anapiga, wengine wanasubiri zamu. Binamu yangu alituzidi sote. Sisi tulipiga kila kilichokuja, hata kilichopita juu ya kichwa. Yeye aliacha mawili, matatu, huku tukimzomea. La nne lilipasuka, maji yake yakaturukia usoni. Na bado alikosa mara nyingi.

Nilikuja kuona mchezo unaofanana na huo nikiwa mtu mzima, Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Shule ya Sekondari Azania. Ni besiboli, iliyoingia katika shule zetu miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani. Nikaanza kujiuliza mpigaji mzuri ni nani.

Ukiangalia haraka utasema ni mwenye nguvu. Lakini mrushaji husimama mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kilomita 145 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4. Misuli haisaidii kama jicho halijajua upi wa kupiga na upi wa kuacha. Jicho hilo halizaliwi nalo mtu. Hulipata kwa kurushiwa mipira mingi na kuikosa mingi.

Ted Williams wa Boston, mwaka 1941, alipiga vizuri mara 185 kati ya 456. Maana yake alishindwa mara 271. Msimu huo unahesabiwa kati ya misimu bora kabisa ya upigaji. Tungempima kwa mpira mmoja tu, yamkini tungemwambia arudi nyumbani.

Binamu yangu alipimwa kwa mpira mmoja. Asubuhi ya mtihani wa darasa la saba aliamka na homa, akaenda hivyo hivyo. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Mimi nilichaguliwa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikuwa na akili kumzidi. Sikuwahi kulisema mbele yake. Halikuhitaji kusemwa, lilikuwa kwenye namna nilivyomsalimia nikirudi likizo.

Mtu atasema maisha si mchezo: nafasi zikiwa chache, lazima wachache wachaguliwe. Nakubali. Ninachokataa ni kuuita uhaba wa nafasi upungufu wa mtu. Hayo ni mambo mawili, na sisi tuliofaulu ndio tunaofaidika yakichanganywa. Tunasifu subira, tunawaambia vijana wajifunze kutokana na makosa. Lakini makosa hayamfundishi asiyerushiwa mpira wa pili. Kukosa na kuendelea kusimama na fimbo mkononi ni bahati kabla ya kuwa tabia njema.

Binamu yangu sasa analima mihogo. Msimu uliopita nilimkuta uani na mwanawe wa miaka sita, mtoto ameshika fimbo ndefu kumzidi kimo. Alikosa embe la kwanza, la pili, la tano. Nilifungua mdomo nimwelekeze. Baba yake hakusema kitu. Aliinama, akaokota jingine, akarusha.