Mgongo Huu Ulianzia Wapi?

Hapa Chunyu mgongo hauna likizo. Tunainama na jembe wakati wa kulima, tunainama kupalilia ufuta na mbaazi, na korosho zikianza kudondoka tunainama kutwa nzima kuziokota chini ya miti. Msharika akisema mgongo unamuuma, tunampa pole na maisha yanaendelea. Lakini yapo maumivu yasiyoondoka baada ya mavuno. Yanakaa mwaka, yanakaa miaka kumi, na mwenye mgongo anazoea kuamka usiku kutafuta upande wa kulalia. Hapo ndipo tunapoanza kuuliza: mgongo huu ulianzia wapi?

Wengi wetu tunarudi utotoni kutafuta jibu. Mmoja anakumbuka alivyoanguka kutoka juu ya mwembe. Mwingine anakumbuka ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji, aliyotwishwa wakati mwili wake mwenyewe haukuizidi sana ndoo hiyo kwa uzito. Mwingine hakumbuki lolote, lakini ndugu wanamkumbushia: shangazi fulani hakumpenda tangu alipozaliwa.

Tukisikiliza vizuri, swali hilo ni maswali mawili yaliyovaa nguo moja. La kwanza linatafuta chanzo. La pili linamtafuta mkosaji. Imani yetu inayajibu kwa namna tofauti.

Kutafuta chanzo ni jambo jema, kwa maana akili na elimu ya tiba ni vipawa vya Mungu. Kifua kikuu, kwa mfano, hakikai kifuani tu. Kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo, hata wa mtoto, kikala pingili polepole mpaka mgongo ukapinda au miguu ikapooza. Ugonjwa huo una dawa, na hapa Tanzania dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya Serikali. Kwa hiyo mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, kukonda, ganzi au udhaifu wa miguu, au mkojo kutoka bila kujijua, usisubiri ibada ya maombezi ya mwezi ujao. Uende hospitali, nasi tuuombee ukiwa njiani. Hata hivyo tuseme kweli: kwa watu wengi wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo, daktari hupima asiweze kuonyesha chanzo kimoja. Mtu hulazimika kuishi bila jibu, na huo nao ni mzigo.

Ni katika nafasi hiyo tupu ambapo swali la pili huingia. Kwa kuwa hatujui kilichotuumiza, tunatamani angalau kumjua aliyetuumiza. Shamba la mikorosho linauzwa ili kumlipa mganga, naye anatoa jina. Mgongo unabaki ulivyokuwa, lakini ukoo umevunjika, na bibi mmoja mzee hasalimiwi tena. Hapo Amri ya Nane inatuhusu. Katekismo Ndogo ya Martin Luther, tuliyojifunza kwenye kipaimara, inatufundisha kumtetea jirani na kumdhania mema. Atakayemtetea bibi yule ni nani, kama si sisi?

Wengine hawamtafuti mkosaji nje. Wanamtafuta kwa Mungu. Søren Kierkegaard, mwanafalsafa Mlutheri wa Denmaki aliyezaliwa mwaka 1813, aliishi na mgongo usio sawa. Inasimuliwa kwamba alianguka kutoka mtini alipokuwa mtoto. Nyumbani kwao kulikuwa na kivuli kizito zaidi ya huo mti. Baba yake, alipokuwa kijana maskini mchunga kondoo, alimlaani Mungu kwa sababu ya baridi na njaa, na tangu hapo aliamini kwamba adhabu ingewafuata watoto wake. Kati ya watoto saba, watano walikufa kabla yake. Søren mwenyewe aliishia hospitalini Copenhagen, miguu imepooza, akafariki Novemba 1855 akiwa na miaka 42. Hadi leo wataalamu wanabishana juu ya ugonjwa wake. Wapo wanaodhani ulikuwa kifua kikuu cha mgongo. Baba yule alisoma misiba yake kama hukumu. Lakini wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, Yesu aliwakatalia pande zote mbili (Yohana 9:1-3). Alikataa kuufanya mwili wa mtu kuwa hati ya mashtaka.

Linabaki jambo gumu zaidi. Itakuwaje kama ni kweli kwamba mizigo ya utoto ilituumiza, na waliotutwisha ni mama na baba? Amri ya Nne inatuambia tuwaheshimu. Amri ya Tano, kama Katekismo inavyoieleza, inatukataza kuudhuru mwili wa jirani na kututaka tumsaidie. Na mtoto ni jirani. Amri hizi mbili hazigombani. Tunamheshimu mama kwa kukumbuka kwamba yeye naye alibeba ndoo, kisima kilikuwa mbali, na hakuwa na mwingine wa kumtuma. Tunaitii Amri ya Tano kwa kutosema kwamba mzigo ule ulikuwa sawa kwa sababu tu na sisi tuliubeba. Tukimsamehe mama halafu tukamtwisha binti yetu ndoo ileile, tumejifunza nini kutoka kwa mgongo wetu? Mtoto abebe kidumu kidogo, na kazi nzito ya maji iwe ya watu wazima, wanaume pia.

Luka 13:10-17 inamtaja mwanamke aliyekuwa amepinda kwa miaka 18. Yesu anasema Shetani ndiye aliyemfunga. Hamtaji jirani, wala mama mkwe, wala dhambi ya wazazi. Anamwita binti wa Ibrahimu. Tuangalie pia kwamba Yesu alimkuta sinagogi. Alikuja kusali akiwa amepinda, wala hakungoja anyooke kwanza.

Wako wenzetu wanaokuja hivyo kila Jumapili, na wengine hawatanyooka upande huu wa ufufuo. Tusiwaambie kwamba imani yao ni ndogo. Tuwawekee kiti chenye egemeo, tusiwahesabie dhambi wakibaki wameketi wakati sisi tumesimama, na msimu wa korosho ukifika, twende tukaokote nao.