Je, Tumwambie Mama Kwamba Anakufa?

Wanandugu wakikutana nje ya wodi baada ya daktari kutoa majibu, mara nyingi neno la kwanza ni hili: mama asiambiwe. Hulisema mtoto wa kwanza, au mjomba, au binti aliyemuuguza tangu mwanzo. Halisemwi kwa ubaya. Hulisema watu wanaompenda, wanaoona kwamba amebeba ya kutosha na kwamba mzigo huu wa mwisho wanaweza kuubeba wao kwa niaba yake. Kuanzia hapo nyumba nzima huishi na siri. Mgonjwa huambiwa kwamba ana vidonda vya tumbo, au kwamba dawa zinachelewa kufanya kazi. Wageni huonywa mlangoni. Mchungaji naye huombwa azungumzie uponyaji tu, mambo ya kifo asiyaguse.

Swali letu ni fupi: je, tunayo haki hiyo? Habari ya kufa kwa mtu ni mali ya nani? Ni swali la dhamiri kabla ya kuwa swali la tiba. Hatuwezi kumwachia daktari peke yake alijibu, kwa sababu hospitali ikishamaliza kazi yake, sisi ndio tunaobaki na mgonjwa nyumbani.

Tunalitazama swali hili tukimkumbuka mwanamke mmoja wa usharika wetu, mjane na mama wa watoto wanne, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya. Jina lake tunalihifadhi. Alianza kutokwa na damu miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Aliona aibu kusema, kama wanawake wengi wanavyoona, akanyamaza kwa miezi. Alipofika hospitali ya rufaa na kuchukuliwa kinyama, ilionekana ni saratani ya mlango wa kizazi, nayo ilikuwa imeshasambaa kuvuka mlango huo. Akaandikiwa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo lile la ufukweni, lililojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, limekuwa taasisi ya saratani ya taifa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Kwa watu wengi jina lake limekuwa jina la ugonjwa wenyewe, hata wengine huogopa kulitamka. Alipigwa mionzi wiki kadhaa huku akilala kwa mdogo wake. Akapata nafuu, akarudi, na Pasaka ile akaimba na wenzake.

Mwaka uliofuata mguu wake mmoja ulianza kuvimba na mgongo kuuma usiku. Safari hii madaktari walisema hakuna tiba ya kuuondoa ugonjwa, ila ya kumpunguzia maumivu. Watoto wakakubaliana kunyamaza. Ni yeye mwenyewe aliyemwita mwanawe mkubwa akamwambia: "Mnanong'ona tangu juzi. Anayeumwa ni mimi. Niambieni, nijue la kufanya." Kijana akaomba mchungaji awepo, kisha akamwambia. Mama alinyamaza kitambo, akalia, akaomba maji ya kunywa. Halafu akauliza amebakiwa na muda gani. Akaambiwa ni miezi, pengine isifike mwaka. Iliyobaki ilikuwa minne.

Tutaje aliyoyafanya katika miezi hiyo minne, maana ndiyo hoja yetu kubwa. Alimwita wifi yake, ambaye hawakuwa wamesalimiana kwa miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mbele ya mzee wa kanisa akaonyesha mpaka ulipo. Watu wawili tu ndio waliokuwa wakiujua kwa hakika, yeye na marehemu mumewe. Akataja anaodaiwa nao kwenye kikoba na anaowadai, na deni moja akalifuta. Akawaita binti zake wawili, akawasimulia bila kuona haya jinsi ugonjwa ulivyoanza na alivyochelewa, akawaagiza wakapimwe. Wote wawili walikwenda. Akachagua nyimbo za mazishi yake na kuionya kwaya isiziburuze. Akasema ni khanga zipi apewe nani. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Huyu aliulizwa akiwa hai, akajibu.

Hatusemi kwamba kuambiwa kulimwondolea hofu. Upo usiku alioamka akitetemeka, akamwuliza mwenzake wa Umoja wa Wanawake aliyekuwa zamu ya kumlaza kama Mungu bado anamsikia. Hakupewa hotuba. Alishikwa mkono mpaka kukapambazuka. Kesho yake aliomba Chakula cha Bwana.

Zipo hoja tatu za kupinga, na kila moja ina uzito wake.

Ya kwanza ni kwamba ukweli huua tumaini, na mgonjwa aliyekata tamaa hufa upesi. Lakini tujiulize ni tumaini gani tunalolilinda. Mgonjwa wa saratani anaishi ndani ya mwili unaomwambia habari kila siku. Anaona nguo zinavyompwaya. Anaona macho ya wanawe yanavyomkwepa. Tukimdanganya hatumwondolei habari, tunamwondolea mtu wa kuzungumza naye habari hiyo. Naye kwa kutupenda huanza kutudanganya pia, akijifanya haelewi ili tusiumie. Basi chumba kinakuwa na watu wengi wanaopendana, na kila mmoja ana upweke wake. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Tumaini la Mkristo halikujengwa juu ya majibu ya maabara, kwa hiyo majibu hayo hayawezi kulibomoa. Mama yule alipojua kwamba hatapona hakuacha kutumaini. Alitumaini kupatana na wifi yake kabla jua halijazama juu ya ugomvi wao, akapatana naye. Alitumaini kwamba Bwana atampokea, na kwa tumaini hilo alifumba macho.

Hoja ya pili ni ya imani. Wapo waliokuja kumtazama wakamwambia akemee, asilitaje neno mauti asije akaifungulia mlango. Mmoja alimwambia kwamba angekuwa na imani angekuwa ameshasimama. Neno hilo lilimuuma kuliko mguu. Alisema: "Nimeomba kila usiku. Sasa naambiwa hata kuomba sijui."

Sisi tunaamini kwamba Mungu huponya, na tulimwombea apone hadi siku ya mwisho. Lakini Maandiko hayatufundishi kuikimbia kweli ili tupate uponyaji. Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya alikwenda kwake akamwambia waziwazi kwamba atakufa, atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia aligeukia ukuta akaomba na kulia. Ndipo alipoongezewa miaka 15, tena kwa mkate wa tini uliowekwa juu ya jipu lake. Kweli ilitangulia, yakafuata machozi, maombi na dawa. Hakuna kilichomfukuza mwenzake. Na miaka hiyo 15 ilipokwisha, Hezekia alikufa kama baba zake.

Tumtazame Bwana mwenyewe. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba atateswa na kuuawa. Petro akamchukua kando akaanza kumkemea, akisema jambo hilo halitampata kamwe. Petro ndiye mwanandugu wa nje ya wodi. Alisema kwa upendo, na Yesu alimjibu kwa ukali ambao hakuutumia hata kwa wenye dhambi wengi, kwa sababu upendo ule ulikuwa ukimzuia kuiendea kazi iliyo mbele yake. Sasa tumtazame Maria wa Bethania. Siku chache kabla ya Pasaka alikuja na marhamu ya thamani akampaka Yesu. Wengine walinung'unika kwamba ni hasara. Yesu akasema mwanamke yule amefanya hivyo kwa ajili ya maziko yake. Kati ya watu wote waliokuwa karibu naye, huyu alikubali kwamba anakwenda, akamfanyia jambo jema angali hai. Petro alitaka kukizuia kifo kwa maneno. Maria alikaa pamoja na anayekufa. Anayeugua kitandani anamhitaji Maria.

Hoja ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi, kwa kuwa ni ya mila zetu. Tumefundishwa kwamba mzazi mzee halemewi na mizigo, watoto wapo kwa ajili hiyo. Hatuidharau mila hii. Lakini mila ileile inatufundisha kwamba mambo ya mkubwa hayaamuliwi bila yeye. Hatuuzi mbuzi wa mama bila kumwuliza. Hatumwozi bintiye bila kumwuliza. Itakuwaje tumwulize juu ya mbuzi, tusimwulize juu ya miezi yake ya mwisho? Kumbebea mzigo mama ni kumfulia, kumpikia uji, kumgeuza kitandani na kulipa nauli ya hospitali. Kufa kwake hatuwezi kumfia. Tukimficha tunamnyang'anya kazi ambayo hakuna mtoto anayeweza kuifanya badala yake: kusamehe, kuomba radhi, kubariki na kuaga.

Kwa hiyo tunasema kwamba habari hii ni ya mgonjwa. Na kwa kuwa ni yake, ana haki pia ya kutoipokea. Wapo wasiotaka kujua yote, na wapo wanaotaka kujua leo kidogo na kesho kidogo. Njia ya upole ni kumwuliza: ungependa kuelezwa kiasi gani, na ungependa nani awe nawe? Akisema inatosha, inatosha. Na habari iliyo yake si ya kutangazwa madhabahuni wala kupitishwa kwenye simu za usharika bila ruhusa yake, hata kama ni kwa jina la maombi.

Tunaongeza jambo moja lisilosahaulika kitandani. Kweli bila kutulizwa maumivu ni ukatili. Cicely Saunders, Mkristo wa Uingereza aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake, ni ya nafsi, ya jamaa na ya roho pia, na yote yanahitaji kuhudumiwa kwa pamoja. Huduma hiyo tunaiita tiba shufaa, na ipo hata kwetu. Hospitali ya Selian ya Kanisa la Kilutheri, Arusha, ni moja ya zinazowafuata wagonjwa hadi majumbani. Wengi huogopa mofini wakidhani ndiyo inayoua. Ikitolewa kwa kipimo sahihi na anayeijua, haimuui mgonjwa, inampa usingizi na utulivu wa kuzungumza na wanawe. Mama yule alipoanza kuinywa aliweza kukaa kitini tena. Mpaka wa shamba aliuonyesha akiwa na nafuu hiyo. Kuvumilia maumivu yanayoweza kutulizwa si kipimo cha imani.

Na wanaobaki hai wana lao. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowaua wanawake wengi zaidi nchini Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, nayo ni kati ya zinazozuilika vizuri zaidi. Kisababishi chake kikubwa ni kirusi cha HPV, na chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Mabadiliko ya mwanzo yanaweza kuonekana kwa kipimo chepesi cha siki na kutibiwa kabla hayajawa saratani. Kinachowachelewesha wengi ni aibu. Usharika unaoweza kuizungumzia saratani bila kunong'ona umeshaanza kuishinda aibu hiyo.

Tulimwombea dada yetu aponywe, na tulimsikiliza aliposema kwamba anakwenda. Maombi na kusikiliza havikupigana. Gethsemane Bwana aliomba kikombe kimwondokee, na katika maombi yaleyale akayaachia mapenzi ya Baba yatimizwe. Tukiweza kuomba hivyo kando ya kitanda, hatutakuwa na haja ya kumwonya mgeni mlangoni. Mama atakuwa mwenye nyumba mpaka dakika ya mwisho, ajuaye nani amekuja, amekuja kwa nini, na aage naye namna gani.