Mbwa wa Mlangoni pa Tajiri



Katika lugha yetu kumwita mtu mbwa ni tusi, tena zito. Maandiko nayo hayamsifu sana mnyama huyu. Paulo awaonya Wafilipi juu ya mbwa, akiwa na maana ya watu waovu, na katika Ufunuo mbwa wamewekwa nje ya mji mtakatifu pamoja na wachawi na wauaji. Basi tukisema kwamba mbwa aweza kuwa mfariji, huenda wengine mtacheka. Chekeni, lakini fungueni Luka sura ya 16.

Pale twamwona Lazaro amelazwa mlangoni pa tajiri, mwili umejaa vidonda, njaa imemshika. Tajiri yumo ndani na karamu yake ya kila siku. Bila shaka wageni waliingia na kutoka, lakini Bwana wetu hamtaji hata mmoja aliyesimama. Waliotajwa kuwa walimkaribia ni mbwa, nao wakamlamba vidonda. Wako wafasiri wasemao kwamba jambo hilo lilimzidishia aibu, kwa kuwa kwa Wayahudi mbwa alikuwa najisi. Sisi twaona vingine. Mbwa akiumia hulamba kidonda chake mwenyewe; basi alipomlamba Lazaro alimtendea kama ajitendeavyo nafsi yake. (Hatusemi mbwa walambe vidonda vyenu. Ninyi mna maji na sabuni, Lazaro hakuwa navyo.)

Msiba ukiingia nyumbani, siku za kwanza watu hujaa. Viti huazimwa, sufuria kubwa hutoka kwa majirani, usiku huimbwa. Baada ya mazishi ukoo hutawanyika, na mjane hubaki peke yake na kimya cha nyumba. Jioni ile nani huja kuketi naye? Mara nyingi ni mbwa wa marehemu, aliyezoea kumpokea bwana wake njiani, naye sasa amelala kizingitini. Hamwambii mjane ajikaze. Haulizi shamba litakuwa la nani. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, pasipo neno, na hizo ndizo zilizokuwa siku zao njema. Walipofumbua vinywa wakawa mzigo. Mbwa hafiki siku ya 8.

Wenye elimu wamelipima jambo hili. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, huko Marekani, walitoa habari za uchunguzi wao kwa wanafunzi 249. Mate yalipopimwa, waliopewa dakika 10 za kuwapapasa mbwa na paka walikuwa na kotisoli kidogo kuliko wenzao waliotazama tu au kungoja. Kotisoli ni homoni ambayo mwili huitoa mtu akiwa katika dhiki, na ikizidi kwa muda mrefu hudhuru afya.

Ndugu zetu Walutheri wa Illinois, kule kule Marekani, wamelifanya jambo hili kuwa huduma ya kanisa tangu mwaka 2008, baada ya wanafunzi 5 kuuawa kwa risasi katika chuo kikuu kimoja cha jimbo hilo. Hufundisha mbwa wapole kukaa na watu wenye majonzi. Tarehe 14 Desemba 2012 mtu mwenye bunduki aliingia katika shule ya Sandy Hook, mjini Newtown, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Mbwa wale walipelekwa huko, safari ndefu, wakakaa na watoto waliosalia na wazazi wao. Mtoto alimkumbatia mbwa shingoni, basi. Sisi tuliopewa kazi ya kusema twajua kwamba iko saa ambayo neno lo lote, hata la kweli, huumiza.

Atakayesema faraja hutoka kwa Mungu wala si kwa mnyama, na akumbuke ni nani waliomletea Eliya mkate kando ya kijito. Walikuwa kunguru. Lakini wale mbwa walimfariji Lazaro tu. Tajiri hawakumwondolea hukumu. Kazi ya mlangoni ilikuwa yake.

Kwa hiyo akina mama na wazee wa kanisa mnaotembelea wagonjwa na wafiwa, mkimkuta mbwa miguuni pa kitanda msimtupie jiwe wala kiatu. Vuteni kiti upande wa pili. Vijana mnaomhamishia mzazi mjini, mwulizeni kwanza habari za mbwa wake, kabla hamjafunga mizigo. Na mbwa apelekwe kuchanjwa kichaa kwa wakati wake, kwa maana ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hauna dawa. Ye yote aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.